Mvua, mabati na bima: Ni nani atakayepima hasara yako?

MFANYABIASHARA wa Mkuyuni anapoingiza mzigo wa mwisho wa mwaka huwa anaweka fedha yake katika njia ya mambo mawili yanayofika kwa pamoja. La kwanza ni msimu wa mauzo ya Krismasi na Mwaka Mpya. La pili ni mvua za vuli, ambazo katika Kanda ya Ziwa hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, mara nyingi zikiambatana na upepo mkali na radi. Ghala hujaa wakati ule ule paa linapojaribiwa.

Wengi hujibu kwa kukata bima, na wakishakata huona kazi imekwisha. Kumbe hati ya bima ni nusu ya safari. Nusu ya pili huanza siku paa linapong'oka, pale anapofika mtu mwenye kalamu na kamera kupima hasara. Kiasi atakachoandika mtu huyo ndicho kitakachoamua kama duka litafunguka tena au mwenye duka atarudi kwa ndugu zake kukopa.

Makala haya yanaeleza mtu huyo ni nani, anafanya kazi kwa niaba ya nani, ni wakati gani mfanyabiashara anafaa kuajiri wa kwake, na kwa nini sehemu kubwa ya fidia huamuliwa kabla tone la kwanza halijaanguka.

Upepo wa ziwa

Tufani za Ziwa Victoria zina tabia yake. Usiku maji hubaki na joto kuliko nchi kavu. Upepo kutoka pande zote za pwani huenda kukutana juu ya maji, na hapo mawingu makubwa ya radi hujengeka. Ndiyo sababu tufani nyingi huvuma kati ya usiku wa manane na alfajiri, maduka yakiwa yamefungwa na mlinzi akiwa peke yake.

Mwanza ina jambo jingine la kuongeza. Jiji limejengwa kwenye vilima vya mawe. Maji ya mvua hayapati udongo wa kutosha wa kuyanywa, hivyo hushuka kwa kasi kwenye mitaro yakibeba mchanga, taka na kokoto, hadi sehemu za chini zilizo kandokando ya barabara ya kwenda Butimba na Nyegezi. Mtaro ulioziba kwa juu huwa hasara ya aliye chini.

Kumbukumbu za kanda hii si za kusahaulika. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliharibu barabara na reli katika sehemu nyingi za nchi. Machi 2015 mvua ya mawe na upepo iliua watu zaidi ya 40 katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, yakaingia katika majengo yaliyo ufukweni katika nchi zote tatu zinazolizunguka.

Hati inasema nini

Kosa la kwanza la wakata bima ni kudhani kwamba bima ya moto hulipa kila balaa. Hati ya kawaida ya bima ya moto hulipa hasara ya moto na radi, pamoja na milipuko ya aina chache. Tufani, mafuriko, tetemeko la ardhi na ghasia huwa ni nyongeza zinazoombwa na kulipiwa. Wenye majengo wa Kagera walilijua hilo kwa uchungu baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, lililobomoa nyumba nyingi mjini Bukoba na vitongoji vyake.

Hata palipo na nyongeza ya tufani, maneno yake hupaswa kusomwa pole pole. Kwa kawaida kampuni hulipa hasara ya mvua iliyoingia kupitia tundu lililofanywa na tufani yenyewe. Mvua iliyopenya kwenye bati lililokuwa na kutu tangu mwaka juzi huhesabiwa kuwa ni uchakavu, na uchakavu haulipwi. Mali iliyoachwa nje, uzio na mageti mara nyingi huwa havimo. Maporomoko ya udongo, jambo la kuangaliwa sana na anayejenga chini ya kilima cha mawe, nayo hutengwa katika hati nyingi mpaka yaombwe.

Lipo pia sharti dogo ambalo huangusha madai mengi ya mafuriko: mzigo uwekwe juu ya chaga, walau sentimeta 15 kutoka sakafuni. Hati zenye sharti hili hazibishani. Mifuko ya saruji iliyolala chini ikilowa, mkadiriaji atapima urefu wa alama ya maji ukutani, ataangalia kama palikuwa na chaga, na kalamu yake itaishia hapo.

Mwenye nyumba na mpangaji

Sheria ya Fedha ya 2022 iliingiza masoko ya umma na majengo ya biashara katika orodha ya vitu vinavyotakiwa kukatiwa bima kwa lazima. Mwaka uliotangulia, Julai 2021, Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam lilikuwa limeungua, na nchi nzima ikaona jinsi mitaji ya watu inavyoweza kupotea usiku mmoja.

Wapangaji wengi walielewa vibaya. Bima ya jengo humlinda mwenye jengo. Mzigo wa mpangaji, mashine zake na makabati yake havimo mpaka mpangaji mwenyewe azikatie bima. Anayepanga chumba cha duka Mkuyuni na kuambiwa na mwenye nyumba kwamba "hapa pana bima" aulize swali moja tu: bima ya nini?

Wanaouza mali kauli waulize la pili. Mzigo uliochukuliwa kwa makubaliano ya kulipa baadaye, au ulioachwa dukani na mtu mwingine ili uuzwe kwa kamisheni, utajwe katika hati kuwa ni mali iliyo chini ya dhamana. Usipotajwa, kampuni inaweza kusema haukuwa wa mkata bima, na mwenye mali naye ataendelea kudai fedha yake.

Kwa waliokopa benki liko la tatu. Benki huhitaji dhamana ikatiwe bima na jina lake liandikwe ndani ya hati. Fidia ikitoka, benki huwa mbele katika foleni. Wakopaji wengi hawajawahi kuiona hati yenyewe kwa kuwa ilikatwa na benki wakati wa mkopo na ada yake ikakatwa juu kwa juu. Nakala iombwe leo, si siku ya msiba.

Mkadiriaji wa nani?

Baada ya taarifa ya hasara kufika, kampuni ya bima humtuma mkadiriaji hasara. Huyu si mfanyakazi wa kampuni. Ni mtaalamu wa nje aliyesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Kazi yake ni kuchunguza chanzo, kuthibitisha kama hati inahusika, kupima thamani ya kilichopotea na kupendekeza malipo. Anatakiwa awe mkweli kwa pande zote mbili. Hata hivyo anayemwita ni kampuni, anayemlipa ni kampuni, na ripoti yake inapelekwa kwa kampuni.

Katika nchi za Ulaya na Marekani limekuwapo kwa miaka mingi kundi la pili la wakadiriaji, wale wanaoajiriwa na mwenye mali. Nchini Uingereza wana jina lao tofauti na la wale wa kampuni. Katika majimbo mengi ya Marekani wana leseni yao, na msimu wa tufani ndio msimu wao wa kazi. Majimbo mengine yameona haja ya kuwawekea ukomo wa ada. Florida, inayopigwa na vimbunga mara kwa mara, imeweka ukomo wa asilimia 10 ya fidia kwa madai ya maafa yaliyotangazwa na gavana kuwa ya dharura, katika mwaka wa kwanza baada ya tukio.

Hapa Tanzania desturi hiyo ni changa. Sababu mojawapo ni historia. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lililoanzishwa 1963, lilikuwa ndilo mlango pekee wa bima tangu 1967 hadi Sheria ya Bima ya 1996 ilipofungua soko kwa kampuni binafsi. Kwa miaka karibu 30 mteja hakuwa na mahali pengine pa kwenda, na mazoea ya kumsubiri "mtu wa bima" aseme neno la mwisho yalibaki hata baada ya soko kufunguka.

Lakini hakuna kinachomkataza mfanyabiashara kuwa na mtaalamu wa upande wake. Watu wa kuangalia ni hawa:

Dalali wa bima. Tofauti na wakala, ambaye huuza kwa niaba ya kampuni, dalali kisheria ni mtu wa mteja. Kusaidia madai ni sehemu ya kazi yake, na kamisheni yake imo tayari ndani ya ada iliyolipwa. Aliyekata bima kupitia dalali aanze hapo kabla ya kutoa hata senti moja.

Mkadiriaji majenzi au mthamini aliyesajiliwa. Kwa hasara ya jengo, mkadiriaji majenzi ataandika gharama ya kurudisha paa na kuta kipengele kwa kipengele, kwa bei za soko la Mwanza. Ripoti ya namna hiyo ni vigumu kuipuuza.

Mhasibu. Kwa hasara ya mzigo, anayeweza kuthibitisha kilichokuwamo ghalani kwa vitabu ni wa maana kuliko anayejua kubishana.

Mkadiriaji hasara aliyesajiliwa na TIRA, anayekubali kumfanyia kazi mwenye mali. Huyu hufaa pale hasara ni kubwa, ina mambo mengi, au kampuni imekataa au imetoa kiasi kisichoelezeka.

Hesabu ya ada

Mkadiriaji wa mteja hulipwa na mteja. Hati nyingi za bima ya jengo hulipa ada za wasanifu na wakadiriaji majenzi wakati wa kujenga upya, lakini ada ya kuandaa madai huwa imetengwa. Ipo nyongeza ya gharama za kuandaa madai ambayo mkata bima anaweza kuiomba wakati wa kukata au kuhuisha bima. Wachache huiomba kwa kuwa wachache wanajua ipo.

Pasipo nyongeza hiyo, hesabu ifanywe kabla ya kutia saini. Tuseme kampuni imetoa sh. milioni 18 na mkadiriaji anadai asilimia 10 ya fidia yote. Akifanikiwa kuipandisha hadi sh. milioni 24, ada yake ni sh. milioni 2.4 na mteja anabaki na sh. milioni 21.6. Amefaidi sh. milioni 3.6. Akiipandisha hadi sh. milioni 19.5 tu, ada ni sh. milioni 1.95 na mteja anabaki na sh. milioni 17.55, yaani pungufu ya kile alichokuwa amepewa bila msaada wowote. Katika mfano huu fidia lazima ifike sh. milioni 20 ndipo mteja arudishe fedha yake.

Mkataba ulio bora ni ule wa kulipia nyongeza peke yake. Kwa mfano ule ule, mkadiriaji akilipwa asilimia 20 ya kile alichoongeza juu ya sh. milioni 18, fidia ya sh. milioni 24 itamwachia mteja sh. milioni 22.8, na fidia ya sh. milioni 19.5 itamwachia sh. milioni 19.2. Asilimia inaonekana kubwa, lakini mteja hawezi kurudi chini ya alipoanzia.

Kwa hasara ndogo, ya bati kumi na mifuko michache ya unga, kuajiri mtu ni kutwanga maji kwenye kinu. Daftari safi na dalali mwenye bidii vinatosha.

Tahadhari nyingine ni ya vishoka. Baada ya tufani hutokea watu wanaopita duka hadi duka wakiahidi "kuongea na watu wa bima". Mfanyabiashara adai kuona usajili na authibitishe TIRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Asitie saini mkataba usiotaja ada, kazi na muda. Asimpe mtu huyo mamlaka ya kupokea hundi. Na amkimbie anayemshauri kuongeza idadi ya mifuko au kuandika bidhaa ambazo hazikuwamo. Udanganyifu wa sehemu ndogo ya madai unatosha kuipa kampuni haki ya kukataa madai yote.

Uwiano unaokata fidia nusu

Kuna kipengele kimoja ambacho hakuna mkadiriaji, wa kampuni au wa mteja, anayeweza kukiruka. Ni sharti la uwiano. Mkata bima akiandikisha thamani ndogo kuliko thamani halisi, huhesabiwa kuwa amejibebea mwenyewe sehemu iliyobaki.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi lililokatiwa bima mwezi Machi kwa sh. milioni 30, mzigo ukiwa mdogo. Novemba mzigo umefika sh. milioni 60. Tufani inaharibu mali ya sh. milioni 20. Mwenye duka anadhani kwa kuwa hasara iko chini ya sh. milioni 30 atalipwa yote. Sivyo. Alikata bima ya nusu ya mali, hivyo atalipwa nusu ya hasara, sh. milioni 10. Kama hati inamtaka abebe sh. 500,000 za kwanza mwenyewe, atapokea sh. milioni 9.5. Sh. milioni 10.5 zimetoka mfukoni mwake, na ada aliyookoa mwezi Machi ilikuwa sehemu ndogo sana ya hizo.

Dawa yake si ngumu. Thamani ipandishwe kabla ya vuli, kwa barua na kwa kulipia ada ya ziada. Wenye maghala ambayo mzigo wake hupanda na kushuka waulize juu ya bima ya aina ya kutoa taarifa, ambapo mkata bima hupeleka thamani ya mzigo kila mwezi na ada hurekebishwa mwishoni mwa mwaka. Ada yenyewe ilipwe kwa wakati, kwani sheria haimruhusu mteja kukaa na bima ya mkopo. Siku isiyolipiwa ni siku isiyo na bima.

Hapa ndipo linapojitokeza jambo ambalo wafanyabiashara hulizungumza kwa sauti ya chini. Mkadiriaji ataomba hesabu za mwaka, risiti za mashine za kielektroniki zilizoanza kutumika nchini 2010, na ritani za kodi. Mwenye duka aliyetangaza mauzo madogo kwa Mamlaka ya Mapato, kisha akadai mzigo mkubwa kwa kampuni ya bima, atakuwa na vitabu viwili vinavyopingana mbele ya mtu mmoja. Mzigo usio na karatasi ni mgumu kuukatia bima, na ni mgumu zaidi kuudai.

Kabla ya mvua

Maandalizi ya jengo yana faida mbili: hupunguza hasara, na huondoa sababu ya kampuni kukataa. Wiki za Agosti na Septemba, kanda ikiwa kavu, ndizo za kazi hii.

Paa lipandwe na fundi. Misumari iliyolegea ibadilishwe kwa ile ya mabati yenye mpira, bati lililooza liondolewe, kenchi ziangaliwe kama zimefungwa vizuri ukutani. Upepo hauanzi kwa kubeba paa zima; huanza na ukingo ulioachia. Gata zisafishwe, na maji yake yaelekezwe mtaroni badala ya ukutani kwa jirani. Matawi yaliyoinamia paa yakatwe. Dishi na paneli za umeme wa jua zikazwe. Mtaro wa mbele ya duka uzibuliwe, na kwa kuwa mtaro ni wa wote, wenye maduka wa safu moja wachangie kazi hiyo kwa pamoja.

Ndani, mzigo upandishwe kwenye chaga. Saruji, unga, sukari na vifaa vya umeme visilale kwenye safu ya chini wala kugusa ukuta. Swichi kuu iwe mahali ambapo maji hayafiki. Radi za ziwa ni kali, hivyo mwenye majokofu ya samaki au mashine aulize kama hati yake inalipa vifaa vya umeme vilivyounguzwa na radi, na aweke kinga.

Anayetaka kununua kiwanja au jengo karibu na maji apime kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Jengo lililo ndani ya eneo hilo lina hatari mbili, ya maji na ya sheria, na bei yake nafuu ina sababu.

Kisha kazi isiyo na gharama. Risiti ya fundi itunzwe, kwa kuwa ndiyo itakayojibu hoja ya uchakavu. Picha za paa, kuta na kila safu ya mzigo zipigwe kwa simu kila mwisho wa mwezi na kutumwa kwa mtu mwingine, ili zibaki hata simu ikipotea. Mali ihesabiwe na orodha itiwe saini. Risiti za karatasi ya mashine hufifia kwa joto, hivyo zitolewe nakala. Na vitabu hivyo visikae dukani. Daftari lililolowa pamoja na mzigo halimsaidii mtu.

Siku za mwanzo baada ya tufani

Hatua ya kwanza ni usalama: umeme uzimwe, watu watoke chini ya ukuta uliopasuka. Ya pili ni taarifa. Hati nyingi zinataka kampuni ijulishwe mara moja, na madai ya maandishi yafuate ndani ya siku zilizotajwa. Simu ipigwe, kisha barua au ujumbe wa maandishi, na nakala itunzwe ikiwa na tarehe.

Ya tatu huwachanganya wengi. Mkata bima anatakiwa kuzuia hasara isiendelee, lakini hatakiwi kuondoa ushahidi. Hivyo turubai litandikwe juu ya paa, mzigo mkavu utengwe na uliolowa, lakini uliolowa usitupwe wala kuuzwa kabla mkadiriaji hajauona. Ikiwa ni chakula kinachooza, aitwe afisa afya wa halmashauri aandike, picha zipigwe na sampuli ibaki. Chochote kinachoweza kuuzwa kwa bei ya chini kitakatwa kwenye fidia, hivyo ni vyema mwenye mali awe na bei yake mkononi kabla ya kuambiwa bei ya mtu mwingine.

Ya nne ni ushahidi wa nje: barua ya mtendaji wa mtaa, taarifa ya polisi au ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kama walifika, na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa juu ya mvua na upepo wa usiku ule. Kampuni ikisema paa liling'oka kwa uchakavu, taarifa ya upepo mkali wa tarehe hiyo huwa ni hoja nzito.

Mkadiriaji anapokuja, mwenye mali au mtu wake awepo. Atembee naye, amwonyeshe kila kitu, ajibu anachokijua na asibuni asichokijua. Aandike jina lake, siku aliyofika na nyaraka alizochukua.

Mkishindwa kuelewana

Kiasi kikitolewa, mteja ana haki ya kuuliza kimefikiwaje. Aombe maelezo kwa maandishi: ni vipengele gani vimekubaliwa, vipi vimekataliwa, uwiano umetumika au la. Mara nyingi tofauti huwa ni kipengele kimoja au viwili, na risiti iliyosahaulika inaweza kuimaliza.

La kuogopwa ni hati ya kukubali malipo. Karatasi hiyo husema kwamba mteja amepokea fidia kamili na ya mwisho. Akiisha kutia saini, mlango umefungwa, hata kama baadaye atagundua ukuta wa nyuma nao umepasuka. Asitie saini kwa njaa. Kama kuna sehemu isiyobishaniwa, aombe kwa maandishi ilipwe kwanza huku iliyobaki ikijadiliwa.

Mazungumzo yakishindikana, malalamiko hupelekwa TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyotokana na Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya madai ya wateja wa kawaida. Mahakama ipo mwisho wa njia. Hati nyingi huweka muda wa kufungua shauri baada ya madai kukataliwa, kwa hiyo barua ya kukataliwa isifungiwe kabatini.

Mizani ya mwisho

Kwa mfanyabiashara mdogo mwenye chumba kimoja, mpango wa busara ni huu: thamani sahihi katika hati, nyongeza ya tufani na mafuriko, chaga chini ya mzigo, picha kila mwezi, na dalali anayepokea simu. Kwa mwenye ghala au nyumba kadhaa za kupangisha, aongeze nyongeza ya gharama za kuandaa madai, na awe na jina la mkadiriaji majenzi na mhasibu kabla ya Oktoba.

Mkadiriaji wa mteja ni msaada mzuri kwa hasara kubwa, lakini hawezi kuumba kisichokuwapo. Hawezi kurudisha thamani ambayo haikuandikishwa, wala kuufanya mzigo usio na risiti uwe na risiti. Yeye na yule wa kampuni wanasoma karatasi zile zile, na karatasi hizo huandikwa na mwenye duka mwenyewe, wakati wa kiangazi, mtaro ukiwa bado mkavu.